Ukuta Mnene

Ukitaka kuwachoka binadamu mapema, fanya kazi ya kurekebisha intaneti majumbani. Mimi nimeifanya miaka tisa. Siku hizi naweza kukaa na mtu mezani, ameoga, amenyoa, ananukia vizuri, na kichwani najiuliza kitu kimoja tu: nyuma ya televisheni yake kuna nini. Huko nyuma ndiko ninakofanyia kazi. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ina joto na mende wanapenda joto. Nimefungua ruta za watu wenye magari mawili uani nikakuta ukoo mzima wa mende, babu mpaka vitukuu, na mayai yamegandamana kwenye waya. Mwenye nyumba yuko nyuma yangu ananiuliza kwa nini filamu yake inakwama.

Halafu wanavyoificha. Mmoja kaitia kabatini katikati ya nguo za ndani, eti taa zake zinamkera. Mwingine kaiweka juu ya friji, kaifunika kitambaa cha plastiki, na juu yake kapanga maua ya bandia. Ukiwaambia itoeni, iwekeni juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi, wanakutazama kana kwamba umewaambia wamweke mkwe sebuleni hajavaa shati. Basi najifuta mikono, nameza mate, naendelea.

Mende nimewazoea. Kinyaa ninachotaka kusimulia ni kingine, na sehemu yake ni yangu mwenyewe.

Karatasi ya kazi ya siku ile ilikuwa na maelezo marefu. Kwa kawaida wateja wanaandika "mtandao mbovu" na basi. Huyu alikuwa mwanamke anayeishi ng'ambo, na ndiye aliyeunganisha intaneti nyumbani kwa mama yake ili waonane kwa simu ya video kila siku saa kumi alasiri. Aliandika hivi: "Sebuleni inafika vizuri, lakini chumbani kwa mama picha ni ukungu mtupu. Mama amelala kitandani tangu alipovunjika nyonga. Ni mwaka mzima simwoni uso. Kaka yangu anasema haiwezekani. Naomba fundi asiondoke mpaka nimwone mama yangu." Chini yake msimamizi wetu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: mteja msumbufu, mmalizie leo.

Nilifika saa saba na nusu mchana. Geti lilikuwa limepakwa rangi mpya, na nadhani ndiyo sababu sikuitambua nyumba. Aliyenifungulia ni kaka mtu, mwanamume wa miaka hamsini hivi, kifua mbele, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Alizungumza kana kwamba kuna mtu pembeni anaandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo kichwani nikampa jina la Mwenyekiti.

"Karibu fundi," alisema. "Kwanza tuelewane. Dada yangu yuko mbali, hali halisi ya nyumba haijui. Hii ni nyumba ya zamani, kuta zake ni nene. Jambo hili lilishathibitishwa na wataalamu."

"Wataalamu gani?"

"Mwenzako alikuja. Aliacha maandishi."

Sebule ilikuwa inang'aa. Viti vyote vimefunikwa nailoni, sakafu unaweza kujitazama, na dawa ya kunukisha hewa imepulizwa mpaka nikahisi ladha ya sabuni ulimini. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya vikombe ambavyo nina hakika hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Mwenyekiti aliitoa akaigeuza nione chini.

Kampuni yetu ina kanuni moja. Ukimaliza kazi unabandika karatasi ndogo chini ya ruta: tarehe, vipimo, na sababu kama umeshindwa. Karatasi ile ilikuwa ya miezi minane nyuma. Ilisema: "Chumba cha nyuma, ukuta mnene. Haiwezekani." Saba ya kwenye tarehe ilikuwa na kistari katikati, na neno la mwisho lilipigiwa mstari mara mbili, kama ninavyopenda kufanya nikiwa na haraka.

Ulikuwa mwandiko wangu.

"Tuliipiga picha tukamtumia dada," Mwenyekiti akasema. "Akatulia. Sijui nani kamchokonoa tena."

Hakunitambua. Watu hawamtazami fundi usoni, wanatazama viatu vyake kama vitachafua zulia. Mimi nilikuwa nimekumbuka kila kitu. Siku ile nilikuwa na nyumba sita za kumaliza. Nilipima sebuleni, nikashika ukumbi kuelekea chumba cha nyuma, na nilipofika mlangoni harufu ikanipiga usoni. Mkojo wa siku nyingi, na chini ya mkojo kitu kingine kitamu kitamu, kilichooza. Sikuugusa hata mlango. Niligeuka, nikarudi sebuleni, wakanipa soda baridi, nikanywa, nikaandika ukuta mnene. Ukuta wenyewe sikuwa nimeupima.

Nilitoa simu yangu ya kupimia. Sebuleni mawimbi yalikuwa yamejaa mpaka juu. Nikatoka hatua tatu tu kuingia ukumbini, yakaanguka yote kwa mkupuo. Ukuta hauangushi mtandao hivyo. Ukuta unaupunguza kidogo kidogo jinsi unavyosogea, na ule ulikuwa wa tofali la kawaida, upana wa kiganja. Kitu kinachokata kwa mkupuo ni chuma.

"Nataka kusogeza kabati," nikasema.

"Kabati halihusiki."

"Nitalirudisha."

Nililivuta. Mende wawili watatu wakatawanyika, wanono, hawana haraka. Nyuma ya kabati, ukutani, upande wa chumba cha nyuma peke yake, palikuwa pamebandikwa foili, ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Ilitoka sakafuni mpaka kimo cha kifua changu, tabaka tatu, kingo zimenyooshwa, gundi ya karatasi imepitishwa pande zote bila kukunjamana. Kazi safi. Mafundi wetu wengine hawawezi kubandika hivyo.

"Nilisoma mahali kwamba inasukuma mtandao," Mwenyekiti akasema haraka.

"Inausukuma kweli. Inausukuma kwenye viti vyenu na kuuzuia kwa mama."

"Basi ni kosa la kutojua. Sisi si wataalamu."

Nimerekebisha makosa ya kutojua mengi sana. Mtu aliyekosea kwa kutojua ukimtolea kizuizi anacheka, anajipiga paji la uso, anakuletea maji. Huyu nilipoanza kubandua foili alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na jasho. Nilivitazama mpaka akaviondoa, nikaibandua yote, nikaikunja ikawa donge, nikaliweka juu ya kiti chake cha nailoni.

"Sasa nakwenda kupima chumbani," nikasema.

Mke wake alikuwa amesimama ukumbini, mwanamke mwembamba asiyeinua macho, ameegemea mlango wa chumba cha nyuma. "Mama amelala, dada fundi," akasema. "Pima hapa hapa, si ni sawa tu?"

"Mteja amesema mpaka amwone mama yake."

"Mimi sikutaka mambo haya. Yeye ndiye aliyesema."

Katika nyumba ile nadhani kila mtu angesema hakutaka. Nilipiga moyo konde, nikavuta pumzi mpaka mwisho wa mapafu, nikafungua.

Nitasema nilichokiona na sitakirembesha. Dirisha limefungwa na kuwekewa ubao. Ndoo haina kifuniko. Sahani ya uji uliokauka ukapasuka, na nzi wamekaa juu yake kwa utulivu wa wenyeji. Mama amelala ubavu juu ya godoro lililofunikwa nailoni, nailoni ile ile ya viti vya sebuleni, na chini yake pameloa. Gauni limepanda. Kiunoni kwa nyuma, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na kidonda upana wa kisahani, kingo nyeusi, katikati kuna majimaji. Ile harufu tamu ilitoka hapo.

Na katikati ya uchafu ule palikuwa na vitu visafi viwili. Mto wenye foronya nyeupe, iliyopigwa pasi, umewekwa juu ya kabati usichafuke. Na kitambaa cha kichwa, chekundu, kimetundikwa msumarini. Kando ya kitanda kulikuwa na kigoda, na sakafuni mtu alikuwa amechora alama nne za chaki, moja kwa kila mguu wa kigoda. Nikaelewa. Saa kumi kasorobo wanamwinua, wanamtia mto, wanamfunga kitambaa, wanaweka simu kwenye kigoda, na kigoda kwenye chaki. Kutoka pale kamera inaona uso na foronya tu. Hata huo uso hawakuuamini, ndiyo maana wakauwekea ukungu. Mwaka mzima binti alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Umenawa mikono?"

Nilishtuka. Mama alikuwa macho, ananitazama. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuwauliza watu swali hilo.

"Bado, mama."

"Basi usiniguse. Jikoni kuna sabuni, kama hawajaificha." Akatazama kucha zangu. "Nilikuwa muuguzi. Miaka thelathini na moja. Wodini kwangu hakuna aliyeingia na kucha kama hizo zako."

"Nimetoka kwenye mende wenu, mama."

"Si wangu." Nusura acheke. Kisha akatazama miguu yangu. "Wewe ulishakuja. Viatu vyako vinalia. Vilikuja mpaka hapo mlangoni, vikasimama, vikageuka."

Ningeweza kusema ni fundi mwingine. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amenitayarishia uongo huo, mwenzako alikuja.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Ilikuwa harufu?"

"Ilikuwa harufu."

"Hata mimi inanishinda," akasema. "Ila mimi sina pa kwenda."

Nilisimama pale na simu yangu ya kupimia mkononi, nikajisikia kinyaa ambacho hakuna mende aliyewahi kunitia. Yeye akaendelea, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mgonjwa mwingine. "Binti yangu kila siku ananiambia mama umenawiri. Haoni. Nikianza kumweleza habari ya mgongo wangu, mtandao unakatika. Kila siku hapo hapo. Nikizungumzia mvua, haukatiki."

Nyuma yangu Mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni, leso puani. Leso, kwa harufu ya mama yake mzazi, ambayo yeye ndiye aliyeipika.

"Fundi, hili ni jambo la kifamilia," akasema ndani ya leso. "Uzee ndivyo ulivyo. Dada akiona hivi atakuja, na akija atapindua nyumba nzima. Wewe andika tu kama alivyoandika mwenzako."

"Mwenzangu ni mimi."

"Unasemaje?"

"Yule aliyeandika ukuta mnene ni mimi. Nimekuja kuufuta."

Nilienda jikoni nikanawa. Nilisugua kucha moja moja kwa brashi ya vyombo mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikarudi sebuleni, nikachomoa ruta kabatini, nikatoa waya mrefu kwenye mkoba. Kwa kawaida ningeweka kifaa kidogo ukumbini cha kusukuma mawimbi mbele, kazi ya dakika kumi. Lakini kifaa cha ukumbini mtu anakichomoa akipita. Nikapitisha waya pembeni ya sakafu, chini ya zulia lao, mita kumi na nane, nikaupigilia misumari, nikaipeleka ruta yenyewe chumbani kwa mama na kuifunga juu ya kabati lake kwa skrubu nne. Nikaichomeka umeme kwake. Niling'oa ubao dirishani. Mwenyekiti alinifuata kila hatua akisema atanishtaki ofisini, atampigia msimamizi wangu, ana watu. Nilimwambia namba ya msimamizi iko kwenye karatasi, nyekundu.

Ilipofika saa kumi kasorobo, yule mke aliingia bila kuitwa, mazoea yamemsukuma, akaweka simu ya mama kwenye kigoda, akashusha mto mweupe. Nikamwambia auache. Akauacha, akatoka, na sikumsikia tena.

"Niambie ukweli," mama akasema. "Ataniona?"

"Kila kitu. Kama uko naye chumba kimoja."

Alifumba macho. Hapo nilidhani atafurahi. Mkono wake ukaanza kuvuta gauni kushuka chini, ukashindwa. "Basi niogeshe kwanza," akasema. "Maji kidogo tu na sabuni. Asinikute hivi. Nimezaa mtoto, nimemsomesha, ataniona hivi?"

Nilikuwa nimekwisha kunawa. Beseni lilikuwepo. Hakuna kitu nilichokitaka zaidi kuliko kumsafisha, na nisijidanganye, nilikitaka kwa ajili yangu pia, ile harufu iondoke. Lakini nikimwogesha na kubadilisha gauni na kufungua madirisha, binti angeona mama mgonjwa, safi, karibu na dirisha. Kesho saa kumi wangekuwa na mto mweupe mwingine.

"Mama," nikasema, "nikikuogesha sasa, hataona."

Simu yake, kwenye kigoda, ilionyesha saa kumi kasoro dakika nne. Machozi yalimtoka upande mmoja yakaingia sikioni, na hakuweza kuyafuta. Niliyafuta mimi.

"Nipe kitambaa changu cha kichwa," hatimaye akasema. "Hicho tu. Kwanza mwonyeshe uso. Halafu mgongo."

Nilimfunga kitambaa chekundu. Simu ikalia. Nikaipokea, nikaisogeza mbali na zile chaki, nikaishika kwa mikono miwili.

"Mama." Uso wa mwanamke ulijaa kwenye kioo, miwani, nywele kafunga nyuma, kasimama mahali kama korido ya kazini. Alitulia. Kisha akaanza kutabasamu taratibu, haamini. "Mama, nakuona. Mama, leo nakuona kabisa. Mbona umekonda hivyo?"

"Nipo," mama akasema. "Kuna kitu nataka kukuonyesha. Usilie mpaka nimalize."

Akanipa ishara kwa kidevu. Nikazunguka kitanda. Nilipita na kamera juu ya ndoo, juu ya nzi, juu ya godoro, polepole, jinsi ninavyopima chumba, nikaifikisha kiunoni. Kutoka upande wa binti hakukuwa na sauti hata kidogo. Nilidhani tumekatika. Nikatazama juu ya kabati, taa zote nne za ruta zilikuwa kijani.

Ukumbini nilisikia viatu vya Mwenyekiti vikienda mbio sebuleni. Nikasikia mlango wa kabati la vyombo unafunguliwa, vikombe vinagongana, kikombe kimoja kinaanguka. Kisha kimya. Mazoea ya kuchomoa ruta yalikuwa yamempeleka mbele ya kabati, nadhani, mkono umenyooshwa kwenye kitu ambacho hakipo tena hapo.

"Ni tangu lini?" binti akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika, imekauka.

"Kabla ya mvua za kwanza," mama akasema. "Nilikuwa nakwambia. Mtandao ulikuwa unakatika."

"Nani ameshika simu?"

"Fundi," nikasema.

"Ni wewe uliyeandika ukuta mnene?"

Angejuaje, sijui. Labda aliuliza tu kwa sababu alikuwa na hasira na kila mtu aliyewahi kuingia nyumba ile. Mikono ilianza kuchoka, na harufu ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na macho yangu yenyewe yalikuwa yanatafuta dirisha.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Basi usitazame pembeni," akasema. "Shika hapo hapo. Namwita daktari kwenye simu nyingine, na nataka aone."

Nikashika hapo hapo. Daktari alichukua dakika ishirini na mbili kupatikana, na muda wote huo picha haikukwama hata mara moja.